Nguo za Mtumba za Watoto: Kuonekana Safi na Kuwa Salama

Mji wa Tunduma umesimama mahali Tanzania inapopakana na Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, hupita hapo pia. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde. Penye njia nyingi hapakosi soko, na soko la mpakani halikosi nguo zilizokwisha kuvaliwa. Upande wa Tanzania nguo hizo huitwa mitumba. Upande wa Zambia huitwa salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekua lundo. Majina ni mawili, lakini kazi ni moja: mama huinama juu ya lundo, huchagua fulana, kaptula au sweta dogo, hulinyoosha mbele ya macho, hulinusa, kisha huuliza bei.

Biashara hii ina historia yake. Katika nchi yetu ilishika kasi baada ya mwaka 1984, wakati serikali ilipowaruhusu wafanyabiashara kuleta bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Mwaka 2016, mwaka uleule ambao Mkoa wa Songwe ulizaliwa kutokana na Mkoa wa Mbeya, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa mitumba katika masoko yao ifikapo mwaka 2019 ili kuvilinda viwanda vya nguo. Rwanda ilishikilia azimio hilo. Tanzania haikulitekeleza, na mitumba ingali ikiuzwa. Mjadala wa uchumi ni mpana, nasi hatutauingia. Katika makala haya tutashughulika na swali dogo zaidi, ambalo kila mzazi hulijibu kwa vitendo: nguo ya mtumba ifanyiwe nini kabla haijagusa ngozi ya mtoto, na kwa sababu gani?

Kwa nini nguo za watoto wachanga hufika zikiwa nzima

Mtu azoeaye kuchagua mitumba hutambua upesi kwamba nguo za watoto wachanga mara nyingi ni nzima kuliko za watu wazima. Sababu yake imo katika elimu ya viumbe. Mtoto azaliwaye na urefu wa sentimita 50 hivi hufikia kiasi cha sentimita 75 atimizapo mwaka mmoja, na uzito wake huwa karibu mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Nguo ya miezi mitatu ya kwanza humbana kabla uzi wake haujachakaa. Mtoto wa miaka minne hukua polepole zaidi, tena hutambaa, huanguka na kupanda miti. Nguo yake hukaa mwilini muda mrefu, ikaisha magotini, viwikoni na makalioni.

Kwa hiyo nguo hizi huchunguzwa kwa namna mbili. Ile ya mtoto mkubwa ichunguzwe uchakavu: inyanyuliwe kuelekea kwenye mwanga ili kuona mahali uzi ulipopungua, na ukanda wa mpira uvutwe kuona kama unarudi. Ile ya mtoto mchanga ichunguzwe madoa na viambatisho. Maziwa, mate na mkojo huingia ndani ya uzi na kukaa humo. Kifungo kilicholegea huweza kung'oka kikamezwa au kuziba koo, na kamba ya shingoni huweza kunasa na kumkaba mtoto. Kifungo hicho kishonwe upya na kamba iondolewe kabla nguo haijaingia hata kwenye beseni. Nguo za ndani zilizovaliwa zisinunuliwe kamwe. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku uingizaji wake.

Yaliyomo ndani ya kitambaa

Kwamba nguo yaweza kubeba ugonjwa si dhana ya wasiwasi tu. Mwaka 1909, katika mji wa Tunis, daktari Charles Nicolle aliona kwamba wagonjwa wa homa ya tifasi waliwaambukiza watu hadi kwenye mlango wa hospitali. Wakishaogeshwa na kuvuliwa nguo zao, hawakuambukiza tena mtu wodini. Akafikiri kwamba mwenezaji lazima awe amebaki katika nguo, na majaribio yake yakamthibitishia kwamba ni chawa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Jambo hili halikuishia zamani: katika miaka ya 1990 homa hiyohiyo ilizuka kwa nguvu katika kambi za watu waliokimbia vita nchini Burundi, mahali ambapo nguo za kubadilisha na maji ya kufulia vilikuwa adimu.

Hata hivyo, msomaji asiharakishe kuhukumu kila robota, au belo kama lisemwavyo sokoni. Chawa wa nguo hutegemea damu ya binadamu, na akitengwa na mwili hufa kwa kawaida katika muda wa wiki moja. Kijidudu cha upele, ambacho huchimba vijitundu katika ngozi, kwa kawaida hakiishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya mwili. Robota lililofungwa ng'ambo, likasafiri baharini kwa majuma, likakaa bandarini na kisha kupanda lori hadi Tunduma, limekwisha kuwaua wadudu hao kwa njaa.

Lakini wapo wavumilivu zaidi. Mbegu za kuvu waletao choa na mapunye huweza kubaki hai kwa miezi mingi katika vumbi na kitambaa. Bakteria kadhaa wa ngozi huvumilia ukavu kwa majuma. Tena, robota likishafunguliwa hesabu huanza upya: nguo hushikwa na mikono mingi, hujaribishwa watoto kadhaa, hulazwa juu ya turubai au ardhini, na jioni hukusanywa zikiwa na vumbi na unyevu. Kwa hiyo hatari kubwa haiko katika safari ndefu ya baharini. Iko katika siku chache za mwisho, kati ya kufunguliwa kwa robota na kuvaliwa kwa nguo, na siku hizo zimo mikononi mwetu.

Hatari ya vidonge vya nondo

Iko hatari nyingine isiyo ya viumbe, nayo haijulikani vya kutosha. Watu wengi huhifadhi nguo pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Vingi vya vidonge hivyo hutengenezwa kwa naftalini, kemikali ambayo hubadilika kutoka hali ya yabisi na kuwa mvuke bila kupitia hali ya kimiminiko. Ndiyo maana kidonge hupungua siku hadi siku bila kuacha majimaji, na harufu yake hujaa katika nguo.

Chembe nyekundu za damu hulindwa na kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD. Watu wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Upungufu huo hurithiwa, huwadhuru zaidi watoto wa kiume, na umeenea hasa katika sehemu za dunia zenye malaria au zilizokuwa nayo, Afrika Mashariki ikiwemo. Mtoto mwenye upungufu huo akivuta mvuke wa naftalini, chembe zake nyekundu huweza kupasuka kwa wingi. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki walieleza habari za watoto wachanga waliopatwa na hali hiyo kutokana na naftalini iliyokuwa katika vitu walivyovalishwa au kufunikwa. Mafuta yanayopakwa ngozini huongeza hatari, kwa sababu naftalini huyeyuka katika mafuta na hivyo hupenya kwa urahisi.

Basi, vidonge vya nondo visiwekwe kamwe pamoja na nguo, blanketi au nepi za mtoto mchanga. Nguo yenye harufu hiyo ifuliwe na kuanikwa mahali penye upepo mpaka harufu iishe kabisa, na kama haiishi, asivalishwe mtoto mchanga. Mtoto akionekana kuwa na macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au weupe usio wa kawaida viganjani na midomoni, apelekwe hospitali bila kukawia.

Kazi ya sabuni, na mahali inaposhindwa

Sasa tuingie kwenye beseni. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia maji na kujishikiza kwenye mafuta. Uchafu mwingi wa nguo hushikamana na uzi kwa utando mwembamba wa mafuta ya mwilini. Molekuli za sabuni huuzunguka utando huo, huukata vipande vidogovidogo na kuvielea majini, na maji ya kusuuzia huviondoa. Kwa njia hiyo sabuni huondoa pia wingi wa vijidudu, ingawa haiwaui wote.

Sabuni hushindwa mahali pawili. Kwanza, madoa ya protini. Maziwa, damu na yai yakikutana na maji ya moto huganda juu ya uzi, kama vile ute wa yai ugandavyo katika sufuria. Nguo ya mtoto mchanga yenye doa la njano la maziwa ikitumbukizwa moja kwa moja katika maji yanayochemka, doa huwa la kudumu. Kwa hiyo maji ya baridi hutangulia: nguo ilowekwe kwa saa moja au mbili, ifikichwe kwa sabuni, isuuzwe, ndipo maji ya moto yafuate.

Pili, maji magumu, yaani maji yenye chumvi za kalisi na magnesi. Wakazi wa Songwe na Mbeya wana mfano mzuri karibu nao. Katika bonde la Mto Songwe, ule unaotiririka kuelekea Ziwa Rukwa na sio Songwe mwingine wa mpakani mwa Malawi, kuna chemchemi za maji ya moto ambazo kwa miaka mingi zimejenga mwamba wa chokaa kando yake. Chokaa hiyo ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji. Maji yenye chokaa yakikutana na sabuni ya mche, kalisi huichukua sabuni na kufanya utando wa kijivu usioyeyuka. Povu hukataa kutoka, sabuni hupotea, na utando hukaa katika nguo ukaifanya ngumu na yenye kuwasha. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na mara nyingi upele mdogo unaodhaniwa kuwa umetoka katika mtumba hutokana na mabaki ya sabuni isiyosuuzwa vizuri.

Dawa yake ni maji ya mvua, ambayo ni laini kwa sababu hayajapita katika mwamba. Tunduma ni mji uliojulikana kwa miaka mingi kwa uhaba wa maji. Pipa lililowekwa chini ya paa la bati kati ya Novemba na Aprili lina thamani mbili, kwanza kama maji na pili kama akiba ya sabuni. Mahali pasipo na maji ya mvua, kuyachemsha maji huondoa sehemu ya ugumu wake, nayo magadi kidogo husaidia kwa nguo za pamba. Kwa vyovyote, maji yakiwa machache, ni afadhali kutumia sabuni kidogo na kusuuza mara mbili kuliko kutumia sabuni nyingi na kusuuza mara moja.

Joto kiasi gani?

Kuosha huondoa, joto huua. Chawa, mayai yake na vijidudu vya upele hufa katika maji ya nyuzi 60 za Sentigredi yakikaa na nguo kwa dakika 10. Nyumbani hakuna kipimajoto, lakini hesabu ya fizikia yatosha. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hapo kanieneo ya hewa ni ndogo. Maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100. Tuseme maji ya baridi yana nyuzi 20. Tukichanganya sehemu mbili za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya baridi, tunapata:

(95 + 95 + 20) ÷ 3 = 70

Beseni na nguo iliyolowa hunyonya sehemu ya joto hilo, na kinachobaki hukaribia nyuzi 60. Beseni likifunikwa, joto hukaa. Mtu akichanganya nusu kwa nusu hupata kama nyuzi 57 kabla ya hasara hiyo, nazo hazitoshi. Jambo la kukumbuka ni kwamba maji ambayo mkono waweza kuyavumilia kwa raha hayajafikia joto linalohitajika. Kwa hiyo mti utumike kugeuzia nguo, na watoto wawekwe mbali na beseni.

Si kila kitambaa hustahimili joto hilo. Pamba huvumilia hata kuchemshwa. Sufu hujikunja na kusinyaa, kwa sababu uzi wake una magamba madogo yanayonasana. Masweta mengi ya watoto katika mitumba yametengenezwa kwa akriliki, ambayo ikipata joto jingi hulegea na kupoteza umbo. Nguo za namna hizo zifuliwe kwa maji ya vuguvugu. Kwa upande wa chawa na upele, zaweza pia kufungwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa wiki mbili kabla ya kufuliwa, ili njaa ifanye kazi ambayo joto halikuifanya. Njia hiyo haiwaui kuvu; kwao, jua ndilo msaada.

Dawa ya kung'arishia yenye klorini huua vijidudu vingi, lakini huharibu sufu na kupausha rangi. Tena isichanganywe kamwe na siki, maji ya limau wala dawa nyingine za kusafishia, kwa maana gesi itokayo hudhuru mapafu. Nepi zenye mkojo zisuuzwe kwanza kabla ya kutiwa dawa hiyo.

Jua, kivuli na pasi

Nguo iliyofuliwa vizuri yaweza kuharibiwa na namna ya kuanikwa. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho huua vijidudu, na kukauka huwanyima maji wale waliosalia. Nguo zigeuzwe nje-ndani, maana mishono ndiyo maficho ya wadudu na ndiyo ikaukayo mwisho.

Pamoja na hayo, yuko inzi mmoja wa Afrika ya kitropiki aitwaye na wataalamu Cordylobia anthropophaga. Jike lake hutaga mayai kati ya 100 na 300 katika mchanga wa kivulini wenye mkojo au kinyesi, au katika nguo yenye unyevu iliyoanikwa kivulini. Baada ya siku moja hadi tatu mayai huanguliwa, na buu akigusa ngozi hupenya bila kusikika. Hukaa humo siku 8 hadi 12, akifanya uvimbe kama jipu lenye tundu dogo katikati. Nepi iliyotandazwa kwenye majani au mchangani chini ya mti ni mahali apendapo. Inzi huyu huepuka jua kali. Kwa hiyo kamba iliyofungwa juu, mahali palipo wazi, ni kinga ya kwanza, na pasi ni kinga ya pili. Pasi ya moto ikipita pande zote mbili, hasa juu ya mishono, huua mayai yote.

Mwezi wa Juni na Julai, nyanda za juu za Mbozi na Tunduma zinapokuwa na baridi na ukungu, nguo huweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka. Wakati wa masika huanikwa ndani ya nyumba. Huo ndio wakati ambao pasi huwa na kazi kubwa kuliko urembo: humaliza ukavu ambao jua halikuutoa. Pasi ya mkaa iwashiwe nje na itumike penye hewa ya kutosha, kwa kuwa mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua katika chumba kilichofungwa.

Majaribio mawili kwa ajili ya shule

Walimu wa kemia wafundishao mada ya ugumu wa maji waweza kuitumia nguo kama mlango wa kuingilia. Chukua chupa tatu zinazofanana, na katika kila moja utie mililita 100: ya kwanza maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima kilekile yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa. Yeyusha kipande cha sabuni ya mche katika maji ya mvua. Tia matone ya mchanganyiko huo katika kila chupa, ukitikisa kila mara, mpaka povu lidumu kwa dakika moja. Linganisha idadi ya matone. Tofauti kati ya chupa ya kwanza na ya pili ni sabuni inayopotea kila wiki katika nyumba za wanafunzi wenyewe.

Katika jaribio la pili, vipande viwili sawa vya pamba vilowekwe, vikamuliwe na kupimwa uzito. Kimoja kianikwe juani na kingine kikunjwe mara nne ndani ya darasa. Vipimwe kila baada ya nusu saa, na matokeo yachorwe katika grafu. Wanafunzi wataona kwamba kitambaa hudhaniwa kuwa kikavu muda mrefu kabla uzito wake haujaacha kupungua. Katika muda huo wa udanganyifu ndipo nguo hukunjwa kabatini na kuvu huanza kuota.

Mpangilio wa kazi

Kwa muhtasari, mambo yafuatane hivi: kukagua, kuondoa vifungo na kamba za hatari, kuloweka katika maji ya baridi, kufua kwa sabuni, kuloweka katika maji ya moto kwa dakika 10 pale kitambaa kinaporuhusu, kusuuza mara mbili, kuanika juani nje-ndani, kupiga pasi, na kuhifadhi mahali pakavu pasipo vidonge vya nondo. Kila hatua ina kazi yake, na hakuna inayoweza kushika nafasi ya nyingine. Sabuni haiui wote, maji ya moto hayatoi doa lililoganda, jua halifiki ndani ya mshono uliokunjwa, nayo pasi haiondoi naftalini.

Gharama ya mpangilio huu ni maji, kuni au mkaa, na muda. Kwa familia yenye ndoo chache kwa siku, gharama hiyo si ndogo, na mwalimu afundishaye somo hili hana budi kuikumbuka. Kwa sababu hiyo, pasipotosha vyote, nguo za mtoto wa chini ya mwaka mmoja zipewe nafasi ya kwanza: maji ya mvua yawe yake, maji ya moto yaanze kwake, na nafasi ya juani kwenye kamba iwe yake kabla ya mashuka na suruali za wakubwa.